Kujiandaa kwenda Fiji ukitokea Afrika Mashariki: uhamiaji, forodha na afya

Fiji ni taifa la visiwa zaidi ya 300 katika Pasifiki ya Kusini, na takriban thuluthi moja tu ya visiwa hivyo ina wakazi. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Viti Levu, chenye mji mkuu wa Suva upande wa mashariki na kiwanja kikuu cha ndege cha Nadi upande wa magharibi. Watu wa kwetu wanaofika huko ni wachache, lakini wapo: wanaohudhuria mikutano ya mabadiliko ya tabianchi, wanaokwenda Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kilichopo Suva, wachezaji na mashabiki wa raga, na maharusi wanaotaka fungate ya mbali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, hasa kwa msafiri mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anayeanzia safari yake Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar au Entebbe.

Viza, ambayo ndiyo watu huiulizia kwanza, kwa wengi wetu ndiyo sehemu nyepesi ya maandalizi. Safari hukwama kwingine: katika kiwanja cha kubadilishia ndege kilichoko nchi ya tatu, katika cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na katika begi. Kwa sababu hiyo hatua zimepangwa hapa kwa kuzingatia muda ambao kila moja inahitaji, zile zinazochukua majuma mengi zikitangulia.

Hatua ya kwanza: pasipoti na ruhusa ya kuingia

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wamo katika orodha ya mataifa ambayo watu wake hawalazimiki kuomba viza kabla ya kwenda Fiji kwa matembezi. Mgeni hupewa kibali anapowasili, nacho hudumu kwa muda usiozidi miezi 4. Anayetaka kubaki zaidi huomba nyongeza katika Idara ya Uhamiaji ya Fiji kabla kibali hakijaisha. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na wa Burundi wanapaswa kupata viza kabla ya kuondoka, ilhali ndugu zetu wenye pasipoti za Uingereza, Kanada, Marekani au nchi za Umoja wa Ulaya hupokelewa kwa utaratibu ule ule wa kutohitaji viza. Orodha hii huwekwa na serikali ya Fiji na inaweza kubadilishwa wakati wowote. Isome katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji baada ya kuchagua tarehe na kabla ya kulipia tiketi.

Kutohitaji viza hakukuondolei wajibu wa kuwa na nyaraka. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6. Uwe na tiketi ya kurudi, au ya kuendelea hadi nchi nyingine ambayo una haki ya kuingia. Uwe na uthibitisho wa mahali pa kulala. Na uwe na ushahidi kwamba unaweza kujikimu, kama vile taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Nashauri vyote vichapishwe kwenye karatasi. Mhudumu wa shirika la ndege hapa kwetu huenda hajawahi kumpokea abiria wa Fiji, na anajua kwamba shirika lake ndilo litakalobeba gharama ya kumrudisha abiria aliyekataliwa. Atakagua masharti katika mfumo wa kompyuta, atakuuliza maswali mengi, na karatasi iliyo mkononi mwako itamaliza mjadala ambao simu iliyoishiwa chaji haiwezi kuumaliza.

Kibali cha matembezi hakiruhusu kuajiriwa, kusoma wala kufanya utafiti. Anayekwenda kwa shughuli hizo aombe kibali kinachohusika akiwa bado nyumbani, kwa barua ya taasisi iliyomwalika. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili, kwa kuwa barua hiyo huweza kuulizwa katika nchi yoyote ya njiani.

Hatua ya pili: chagua njia kabla ya kuchagua bei

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Nadi. Utabadilisha ndege mara mbili au zaidi, na kila kiwanja utakachopitia kina sheria zake. Hapa ndipo tiketi ya bei rahisi inapoweza kugeuka hasara, kwa sababu mtandao wa kuuzia tiketi hautakuuliza kama unaruhusiwa kupita Sydney au Los Angeles, utakuuzia tu.

Ukipitia Australia, yaani Sydney, Melbourne au Brisbane, raia wa nchi zetu anahitaji viza ya mpito hata kama hatoki nje ya kiwanja. Viza hiyo, inayojulikana kwa namba 771, haina ada, huombwa mtandaoni, na humruhusu mtu kukaa kwa muda usiozidi saa 72. Iombe majuma kadhaa kabla. Ikiwa umenunua tiketi mbili tofauti ambazo hazijaunganishwa, utalazimika kutoka, kuchukua mizigo na kuisajili upya, na hapo begi lako litapita pia katika ukaguzi wa Australia, ambao ni mkali kama wa Fiji. Kiwanja cha Sydney nacho kina saa za kufungwa usiku, kati ya saa 5 usiku na saa 12 asubuhi; usipange kulala kwenye viti vya ndani ukisubiri ndege ya alfajiri.

Ukipitia Auckland, utahitaji viza ya mpito ya New Zealand. Ukipitia Los Angeles, San Francisco au Honolulu, utahitaji viza ya Marekani, hata kama unabaki kiwanjani kwa saa mbili tu, kwa kuwa Marekani humpitisha kila abiria katika dawati la uhamiaji. Viza hiyo ina usaili na inaweza kuchukua miezi. Kwa asiye na viza za nchi hizo, njia ninayoipendekeza ni ya Singapore, ambako abiria mwenye tiketi moja iliyounganishwa na mizigo iliyosajiliwa hadi Nadi hubaki katika eneo la mpito bila viza na kupanda ndege ya Fiji Airways. Njia hiyo huweza kugharimu zaidi, lakini ongezeko hilo mara nyingi ni dogo kuliko ada za viza, nauli za kwenda ubalozini na hatari ya kukataliwa.

Zingatia pia saa. Fiji iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 9, kwa hiyo saa 6 mchana ya Dar es Salaam ni saa 3 usiku ya Suva. Safari ikichukua siku moja na nusu angani na viwanjani, tarehe ya kufika kwa kawaida itakuwa ya siku ya pili baada ya kuondoka. Hakikisha hoteli imewekewa tarehe ya kufika.

Hatua ya tatu: chanjo ya homa ya manjano

Sharti hili liko juu ya mengine yote ya afya, na ndilo linalomhusu Mwafrika Mashariki kuliko msafiri wa Ulaya au Asia. Fiji inamtaka kila msafiri mwenye umri wa mwaka 1 na zaidi anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano aoneshe cheti cha kimataifa cha chanjo, kile tunachokiita kadi ya njano. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, Kenya, Uganda, Burundi, Sudan Kusini, Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye hatari hiyo. Tanzania na Rwanda hazimo. Zimewekwa katika kundi la nchi ambazo uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo.

Mtanzania asijifariji mapema kwa habari hiyo. Ndege nyingi kutoka Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro hupitia Nairobi au Addis Ababa, na abiria aliyekaa muda mrefu katika kiwanja cha nchi yenye hatari huhesabiwa kama ametoka huko. Kigezo kinachotumiwa na nchi nyingi ni saa 12. Ndege ikichelewa, mapumziko ya saa 7 yanakuwa ya saa 13. Aidha, mihuri ya pasipoti inaonesha kama ulikuwa Kampala mwezi uliopita. Chanjo inachomwa mara moja tu maishani, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tiketi ya kwenda upande wa pili wa dunia. Kila anayeondoka Afrika Mashariki na anayeweza kuchanjwa achanjwe.

Fanya hivi. Nenda kwenye kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, zikiwemo ofisi za afya za bandarini na viwanja vya ndege. Enda mapema, kwa kuwa cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti ipo, namba ya toleo la chanjo ipo, na muhuri rasmi umepigwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti hicho kina nguvu maisha yote, na hata kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10 bado inatumika. Usinunue kadi bila kuchomwa sindano: unaweza kukamatwa kwa kughushi, na mwili wako unabaki bila kinga.

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Wenye mzio mkali wa mayai, wenye upungufu wa kinga mwilini, wajawazito, wanyonyeshao na wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaochanjwa kwa mara ya kwanza wazungumze na daktari kabla. Daktari akiona mtu hafai kuchanjwa, huandika barua ya msamaha wa kitabibu yenye muhuri, nayo hubebwa badala ya cheti. Nchi inayompokea inaweza kuikubali na bado ikamfuatilia afya yake kwa siku kadhaa.

Wapo wanaoona sharti hili ni ubaguzi dhidi ya Waafrika. Nawaomba waangalie sababu yake. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya manjano, tayari anaishi Fiji kwa wingi na ndiye anayeeneza homa ya dengi huko. Kinachokosekana ni kirusi tu, na msafiri mmoja mgonjwa anatosha kukifikisha. Visiwa hivi vimeshaona gharama ya ugonjwa mgeni. Mwanzoni mwa 1875, miezi michache baada ya Fiji kukabidhiwa kwa Uingereza, meli ya HMS Dido ilimrudisha chifu mkuu Ratu Seru Cakobau na msafara wake kutoka Sydney ikiwa na wagonjwa wa surua. Machifu waliokusanyika kumlaki waliondoka na ugonjwa huo hadi visiwani kwao, na watu wapatao 40,000 walikufa, yaani kati ya robo na thuluthi ya wakazi wote. Mwaka 1918 meli ya Talune kutoka Auckland ilishusha homa kali ya mafua huko Samoa Magharibi na kuua takriban mtu mmoja kati ya watano, huku Samoa ya Marekani, iliyofunga bandari zake, ikinusurika bila kifo. Mwaka 2019 surua iliua watu 83 nchini Samoa, wengi wao watoto wadogo. Afisa wa afya anayekuomba kadi pale Nadi anabeba kumbukumbu hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakikisha chanjo ya surua yako na ya watoto wako imekamilika. Ongeza za pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A na B kwa ushauri wa daktari.

Hatua ya nne: malaria unayoweza kuondoka nayo

Miongozo mingi ya Fiji, ikiwa imeandikwa kwa ajili ya Waaustralia na Wazungu, husema kwa kifupi kwamba nchi hiyo haina malaria, na hapo inaishia. Ni kweli: Fiji haina mbu wa Anofelesi, na hivyo hakuna maambukizi ya malaria huko. Lakini sisi tunatoka kwenye malaria. Mtu aliyeumwa na mbu Muheza, Kilifi au Jinja siku chache kabla ya kupanda ndege anaweza kuwa mzima wakati wa kuondoka na akashikwa na homa akiwa Suva, kwa kuwa vimelea huchukua kwa kawaida kati ya siku 7 na 30 kabla ya dalili kuonekana, na mwenye kinga kiasi anaweza kuchelewa zaidi.

Hatari iko katika utambuzi. Daktari wa Fiji akimwona mtu mwenye homa, maumivu ya viungo na kichwa kuuma, atafikiria kwanza dengi au homa ya mgunda (leptospirosisi), magonjwa anayoyaona kila msimu wa mvua. Malaria ni ugonjwa asioukuta mara kwa mara. Kwa hiyo ukipata homa ndani ya miezi ya mwanzo baada ya kuondoka nyumbani, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme waziwazi, kabla hujaulizwa, kwamba umetoka katika nchi yenye malaria na kwamba unaomba damu ipimwe vimelea. Hospitali kuu za serikali katika Viti Levu ni Colonial War Memorial ya Suva na ile ya Lautoka. Kabla ya kuondoka, zungumza na daktari wako kuhusu kubeba dozi kamili ya dawa mseto yenye cheti chake, hasa ukienda visiwa vya mbali ambako zahanati ni ndogo. Anayepanga kuunganisha safari yake na Vanuatu, Visiwa vya Solomon au Papua New Guinea ajue kwamba huko malaria ipo, na mipango yake ya kinga iwe kamili.

Magonjwa ya Fiji yenyewe yanafahamika kwetu. Dengi huenezwa na mbu wanaouma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Tumia dawa ya kupaka na nguo za mikono mirefu. Ukishuku dengi, tuliza homa kwa parasetamoli na ujiepushe na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu. Homa ya mgunda, iliyotikisa Lindi mwaka 2022, huingia mwilini kupitia maji na matope yaliyochafuliwa na mkojo wa wanyama. Usitembee peku wala kuoga katika mito baada ya mafuriko. Msimu wa mvua na vimbunga ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Kimbunga Winston kilichopiga tarehe 20 Februari 2016 kiliua watu 44, na anayesafiri katika miezi hiyo awe na bima ya safari inayolipia matibabu, kuhamishwa kwa ndege na kuchelewa kwa safari.

Liko jambo moja kwa mla samaki wa pwani. Samaki wakubwa wa miambani, kama mzia, chewa na mkunga, wanaweza katika Pasifiki kubeba sumu inayotokana na viumbe vidogo sana vya kwenye matumbawe, nayo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kugandishwa. Dalili zake ni kutapika, ganzi ya midomo na kuhisi kitu baridi kama cha moto. Waulize wavuvi wa mahali hapo samaki yupi huliwa na wa mwamba upi.

Hatua ya tano: dawa unazobeba

Beba dawa katika pakiti zake za awali, pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza kinachotaja jina la dawa, kipimo na sababu. Kiasi kiendane na urefu wa safari. Weka dawa za kila siku katika begi la mkononi, kwa kuwa mizigo huweza kuchelewa. Fiji iliondoa vizuizi vya kusafiri kwa watu wanaoishi na VVU mwaka 2011, kwa hiyo anayetumia ARV hana sababu ya kuacha dawa zake nyumbani au kuzificha. Januari 2025 nchi hiyo ilitangaza mlipuko wa VVU, na tahadhari za kujikinga ziendelee kama kawaida.

Fikiria pia nchi ya mpito. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli ziko chini ya udhibiti mkali katika Falme za Kiarabu, na anayeingia nchini humo anapaswa kuwa na kibali cha mapema. Miraa isibebwe kabisa: Falme za Kiarabu huihesabu kuwa dawa ya kulevya, na adhabu yake haitazami kwamba Meru ni zao halali.

Hatua ya sita: kufungasha begi

Fiji inalinda mashamba na misitu yake kupitia mamlaka maalumu inayojulikana kwa kifupi BAF, yenye maofisa, mashine za eksirei na mbwa wa kunusa pale Nadi. Visiwa vilivyotenganishwa na bahari kwa muda mrefu vina mimea na wanyama wasiozoea maadui wa kutoka nje, na mdudu mmoja akiingia hana wa kumzuia. Mbawakawa wa minazi kutoka Asia alifika Samoa mwaka 1909 pamoja na miche ya mpira, akafika Fiji mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo anakula minazi ya Pasifiki. Msomaji aliyeona minazi ikikauka kwa ugonjwa katika pwani ya Tanzania anaelewa maana ya hasara hiyo bila kuelezwa.

Yupo na kiumbe wetu anayeogopwa huko: konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yule tunayemwona bustanini baada ya mvua bila kumjali. Ameshasambazwa na watu hadi Samoa na Vanuatu, anakula mazao ya aina nyingi sana, na hubeba mnyoo unaoweza kumdhuru binadamu. Mayai yake ni madogo na hukaa kwenye udongo. Kwa hiyo udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu chako ni jambo zito kuliko unavyodhani. Siku mbili kabla ya safari, sugua viatu vyote kwa brashi na sabuni, hasa vya michezo, vya kupanda milima na vya shambani. Toa udongo kwenye magurudumu ya begi, kwenye vigingi vya hema na kwenye baiskeli. Ikiwa ulikuwa zizini au kwenye mnada wa ng'ombe majuma ya karibuni, fua nguo ulizovaa na uliseme jambo hilo ukiulizwa, kwa sababu ugonjwa wa miguu na midomo, ambao kwetu ni wa kawaida, Fiji haupo.

Acha nyumbani nyama ya aina yoyote, dagaa na samaki wakavu wa kienyeji, maziwa na samli ya nyumbani, mayai, matunda, mboga, mbegu, maharage mabichi ya kupanda, mizizi, majani ya mwarobaini na dawa nyingine za mitishamba. Asali pia iache, hata ya chupa iliyofungwa kiwandani, kwa kuwa Fiji inalinda nyuki wake dhidi ya magonjwa. Viungo vya Zanzibar vinavutia kama zawadi, lakini karafuu na mdalasini nzima ni sehemu za mmea. Ukiamua kubeba, ziwe zimefungwa kiwandani, zenye lebo, na uziandike kwenye kadi ya kuwasili ukikubali kwamba huenda zisipite. Vinyago, vikapu vya ukindu, mikeka na ngoma zenye ngozi hukaguliwa, na vikikutwa na dalili za wadudu huweza kufukizwa dawa kwa gharama yako au kuteketezwa. Zawadi salama kuliko zote ni kanga na vitenge vipya, majani ya chai na kahawa iliyokaangwa na kufungwa kiwandani, navyo pia uviandike.

Usifungashe kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Fiji iliipiga marufuku tarehe 1 Januari 2020, kama zilivyofanya Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Hatua ya saba: fedha na bidhaa za forodha

Mwenye fedha taslimu au hati za fedha zenye thamani ya dola za Fiji 10,000 na zaidi, za sarafu yoyote, anapaswa kutoa taarifa forodhani anapoingia na anapotoka. Kuwa nazo si kosa. Kosa ni kunyamaza. Viwango vya pombe, sigara na bidhaa zisizotozwa ushuru hutolewa na Mamlaka ya Mapato na Forodha ya Fiji na hurekebishwa katika bajeti, kwa hiyo visome katika tovuti yao kabla ya kununua chochote katika maduka ya kiwanjani. Anayebeba vifaa vya kazi, kama kamera kubwa za filamu, awe na orodha yenye namba za kila kifaa na risiti, ili visidhaniwe kuwa bidhaa za kuuzwa.

Hatua ya nane: kuwasili Nadi

Utajaza kadi ya kuwasili inayouliza anwani utakayofikia, sababu ya safari, nchi ulizopitia, hali ya afya, fedha, na vitu vya mimea, wanyama na chakula. Andika ukweli wote. Kwenye maswali ya chakula na mimea, ukiwa na shaka jibu ndiyo: kitu kilichotangazwa, kwa kawaida kabisa, hukaguliwa na kurudishwa au kutupwa, ilhali kilichofichwa hutozwa faini. Chakula ulichobakiza cha ndege, hata ndizi moja, kiache ndani ya ndege.

Katika dawati la uhamiaji, toa pasipoti, kadi ya njano, tiketi ya kurudi na anwani ya malazi kwa pamoja. Jibu kwa ufupi. Ukisema unatoka Kenya usishangae afisa akitaja raga, kwa maana Fiji haijasahau fainali ya mashindano ya raga ya wachezaji saba ya Singapore ya Aprili 2016 ambapo Kenya iliishinda kwa pointi 30 kwa 7. Kagua tarehe ya muhuri kabla hujaondoka dirishani, kwa kuwa ni rahisi kosa kusahihishwa pale pale kuliko baadaye ofisini.

Hatua ya tisa: vijijini, na wakati wa kuondoka

Mgeni anayeingia kijiji cha Wafiji hupeleka kwa mkuu wa kijiji mizizi ya yaqona, mmea wa kutengenezea kinywaji cha kava, katika tendo la heshima liitwalo sevusevu. Nunua mizizi hiyo sokoni Nadi au Suva. Usiilete kutoka nje. Funika mabega na magoti, na vua kofia uwapo kijijini. Kanga au kikoi hufaa sana. Anayetumia dawa za usingizi au mwenye ugonjwa wa ini asinywe kava, na akieleza sababu kwa upole wenyeji hawatakasirika.

Unapoondoka, usibebe matumbawe, magamba ya kasa wala makombe makubwa ya baharini. Tabua, yaani jino la nyangumi linalotumiwa katika sherehe, halitoki nchini bila kibali cha biashara ya viumbe walio hatarini, hata kama umepewa zawadi. Kava ya unga nayo ina sheria zake katika kila nchi utakayopita. Australia, kwa mfano, humruhusu mtu mzima kuingia na kilo 4 kwa matumizi yake, lakini baadhi ya nchi nyingine hazina ruhusa hiyo.

Ukipata homa ndani ya majuma matatu baada ya kufika nyumbani, usiridhike na kipimo cha malaria peke yake: mweleze daktari ulikuwa Fiji, ulioga mtoni au ulikanyaga maji ya mafuriko, na umwombe apime pia dengi na homa ya mgunda.